Mshike Muuzaji, Usimkimbize Mtoto: Mwongozo wa Sheria Ndogo ya Tumbaku

Kama wewe ni diwani, mjumbe wa bunge la kaunti, mtendaji wa kata, mwalimu au mzazi aliyechoka kuona wanafunzi wakinunua sigara dukani bila kuulizwa lolote, amua jambo moja kabla ya kushika kalamu: sheria utakayoipigania itambana nani? Kukataza peke yake hakutoshi, kwa sababu makatazo tunayo. Tanzania ilipiga marufuku kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 2003. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, na Uganda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 kwa kuweka umri wa miaka 21. Hata hivyo, utafiti wa kimataifa wa vijana na tumbaku uliofanywa Kenya mwaka 2013, miaka sita baada ya sheria kupitishwa, ulikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya kumi wa umri wa miaka 13 hadi 15 anatumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Naamini sheria ndogo ya mtaa inaweza kufanya kile ambacho sheria ya nchi haijaweza, lakini kwa sharti kwamba imbane muuzaji kupitia leseni yake, imkague mara kwa mara, na isilegezwe mpaka karibu kila duka limeacha kuwauzia watoto. Ikitekelezwa nusunusu haitaleta kitu, na ushahidi wa hilo upo.

Anza na Woodridge, mji mdogo katika jimbo la Illinois nchini Marekani, nje kidogo ya Chicago. Marufuku ya kuwauzia watoto ilikuwapo huko kwa miaka mingi, ila watafiti walipowatuma watoto wajaribu kununua sigara, karibu maduka 70 kati ya kila 100 yaliwauzia. Mwaka 1989 mji ulitunga sheria yake. Kila anayeuza sigara akatakiwa kuwa na leseni ya mji, mwenye leseni akimuuzia mtoto akawa anatozwa faini na leseni inasimamishwa, na polisi, akiwamo Bruce Talbot aliyeisimamia kazi hiyo, wakawa wanarudi madukani kila baada ya miezi michache na kijana wa kujaribu kununua. Baada ya mwaka mmoja na nusu, maduka yaliyokubali kumuuzia mtoto yalikuwa yamepungua hadi chini ya asilimia 5. Leonard Jason na wenzake waliowahoji wanafunzi kabla na baada ya sheria waliandika mwaka 1991 kwamba waliokuwa wakijaribu sigara na waliokuwa wakivuta kwa mazoea walipungua kwa zaidi ya nusu. Wakosoaji walisema, na walisema kweli, kwamba hapakuwa na mji wa pili wa kulinganisha, hivyo huwezi kujua ni kiasi gani cha upungufu huo kingetokea hata bila sheria. Pamoja na hayo, kilichowezekana kupimwa moja kwa moja, yaani tabia ya wauza maduka, kilibadilika kwa kiwango ambacho makatazo ya miaka mingi hayakukifikia.

Mtu atakayekupinga kikaoni, kama amesoma, atakutajia utafiti wa Massachusetts, na afadhali uujue kabla yake. Nancy Rigotti na wenzake waliichunguza miji sita ya jimbo hilo kwa miaka miwili, mitatu ikitekeleza sheria kwa ukaguzi na mitatu ikiachwa kama ilivyo. Mwishoni, maduka 82 kati ya 100 katika miji iliyokaguliwa yaliwakatalia watoto, wakati katika miji mingine yaliyokataa yalikuwa 45 tu. Huo ni ushindi mkubwa kwa macho ya mkaguzi. Lakini watoto wenyewe walipoulizwa, uvutaji haukuwa umepungua, na kupata sigara kulibaki rahisi karibu kama zamani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na tangu hapo yametumika kusema kwamba sheria za namna hii ni kupoteza wakati. Mimi nayasoma kinyume chake. Mtoto hanunui katika maduka mia moja. Ananunua katika duka moja, lile ambalo wenzake wamemwambia kwamba halina maswali. Yakibaki maduka 18 ya namna hiyo mjini, yanatosha kumhudumia kila mwanafunzi anayetaka. Ndoo yenye matundu kumi ukiyaziba manane, maji yataisha tu, pengine yatachelewa kidogo. Kwa hiyo funzo la Massachusetts kwako wewe unayetunga sheria ni la kiwango: usiweke lengo la kupunguza maduka yanayouza, weka lengo la kuyafikisha pale Woodridge ilipoyafikisha, na panga fedha na watu wa kufika huko tangu mwanzo.

Chombo cha kufikia lengo hilo ni leseni. Si leseni ya jumla ya biashara, ambayo ukiifuta umemfungia mtu duka zima na hakuna afisa atakayethubutu, bali kibali cha pekee cha kuuza tumbaku, kinacholipiwa kila mwaka na kinachoweza kusimamishwa huku duka likiendelea kuuza unga na sabuni. Uwezo wa kisheria upo. Nchini Tanzania halmashauri zimepewa mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, Sura 287 kwa wilaya na Sura 288 kwa miji, baada ya wananchi kutoa maoni na waziri mwenye dhamana kuidhinisha. Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti afya, leseni za biashara na udhibiti wa dawa za kulevya, na wananchi lazima washirikishwe. Ada ya kibali ipangwe kwa hesabu, si kwa kukisia: kadiria gharama ya kulikagua kila duka mara nne kwa mwaka, usafiri na posho zikiwamo, kisha igawanye kwa idadi ya maduka. Ada ikiwa ndogo kuliko hapo, ukaguzi utafanyika mwaka wa kwanza tu, wakati viongozi bado wana ari. Orodha ya wenye vibali ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, ili asiye na kibali aonekane na kila mtu. San Francisco ilikwenda hatua moja mbele mwaka 2014 ikaweka ukomo wa vibali 45 kwa kila eneo la uchaguzi, bila kumnyang'anya mtu kibali alichokuwa nacho. Maduka yalipofungwa, vibali vyake havikujazwa mpaka idadi ishuke. Njia hiyo ni ya upole na inawezekana kwetu, hasa karibu na shule.

Kwetu kuna jambo ambalo miji ya Marekani haikulazimika kulihangaikia sana, nalo ni sigara ya mojamoja. Pakiti nzima mtoto haimudu. Kipande kimoja anakimudu kwa sarafu moja au mbili za chenji ya nauli. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye vipande visivyopungua kumi, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuzuia uuzaji huo huo katika kifungu chake cha 16. Bado ukipita mtaani utaona pakiti iliyofunguliwa pembeni ya kopo la bigijii, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba dirishani ili anayenunua kimoja awashe hapo hapo. Mwelekeze mkaguzi wako akiangalie kiberiti hicho kwanza, kwa maana mwenye kununua pakiti hana haja nacho. Sheria yako itaje uuzaji wa mojamoja kuwa kosa linalojitegemea, lisilohitaji kuthibitisha umri wa mnunuzi. Kosa la umri linahitaji mtoto, shahidi na wakati wa tukio, lakini pakiti iliyofunguliwa iko pale mezani saa zote. Mchuuzi anayezunguka na kisanduku chake cha karanga, pipi na sigara huku akigonganisha sarafu kiganjani ni mgumu zaidi, kwa kuwa hana mahali pa kubandikiwa kibali. Maoni yangu ni kwamba tumbaku iondolewe kabisa kwenye biashara ya kutembeza, na mchuuzi apewe miezi kadhaa ya kumaliza mzigo wake kabla ya kukamatwa.

Jambo la pili linalotuhusu sisi ni kutumwa. Mtoto anatumwa dukani na baba, mjomba au jirani, na muuzaji anapoulizwa anajibu kwamba alimpa sigara za mzee, si zake. Mara nyingi anasema kweli, na ndiyo maana utetezi huo hauwezi kubomolewa mahakamani ukiachiwa upenyo. Andika waziwazi kwamba mtoto hauziwi tumbaku hata akitumwa na mtu mzima, hata akija na barua au simu ya mzazi. Kifungu hiki kitaleta kelele kuliko vyote, kwa sababu kinagusa heshima ya wakubwa, na katika mikutano ya hadhara wazee watauliza ni tangu lini kumtuma mtoto kukawa kosa. Wajibu kwa utulivu kwamba kumtuma mtoto chumvi, sukari au mafuta ya taa kunabaki palepale. Waeleze kwamba njia ya kwenda kununua sigara za baba ndiyo inayomfundisha mtoto duka, bei na jina la sigara, na ndiyo inayomzoesha muuzaji kumpa mtoto tumbaku bila kusita. Usimwadhibu mzazi kwa kutuma. Inatosha muuzaji akatae, na mzee atatoka mwenyewe.

Ukaguzi wa majaribio uandikwe ndani ya sheria yenyewe, kipengele kwa kipengele, la sivyo wakili wa kwanza atasema mteja wake alitegwa. Kijana anayetumwa kujaribu awe na umri unaoonekana ni wa utoto, miaka 14 hadi 16, wazazi wake wawe wameridhia kwa maandishi, na asitumike mtaani kwake ambako anajulikana. Avae nguo za kawaida. Asijifanye mkubwa, na akiulizwa umri aseme ukweli. Akikataliwa aondoke bila kubembeleza. Afisa awe karibu kiasi cha kuona, noti iwe imenakiliwa namba yake, na kilichonunuliwa kikabidhiwe hapo hapo. Sheria itamke kwamba kijana huyo hatendi kosa. Fanya raundi ya kwanza kabla sheria haijaanza kutumika, bila kumwadhibu yeyote, ili ujue ni maduka mangapi kati ya mia yanauza leo. Bila namba hiyo huwezi kumwonyesha mtu kwamba umefanikiwa au umeshindwa. Ni kwa kupima hivyo, mwaka hadi mwaka, kwamba majimbo ya Marekani yalishusha kiwango cha maduka yanayouzia watoto kutoka takriban asilimia 40 mwaka 1997 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 2011, baada ya sheria ya shirikisho ya 1992 kuyatishia kuyakatia fedha za afya yasiposhuka chini ya asilimia 20.

Kuhusu adhabu, watu hupenda namba kubwa, na hapo hukosea. Faini ya kutisha haitozwi. Hakimu anamwonea huruma mama mwenye genge, na askari anageuza ukubwa wa faini kuwa bei ya kunyamaza. Weka adhabu ndogo isiyokwepeka: kosa la kwanza onyo la maandishi na faini anayoweza kuilipa, la pili kibali kisimamishwe wiki chache, la tatu kifutwe kwa mwaka mzima. Faini ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali tu, asipokee mtu fedha mkononi, na matokeo ya kila raundi yabandikwe kwa jina la duka, waliokataa kuuza nao watajwe. Anayehofia kwamba sheria hii itakuwa mradi mpya wa mgambo ana haki ya kuhofia, kwa sababu wachuuzi wetu wameonja mengi. Jibu langu ni kuwaondoa mgambo kwenye kazi hii. Ikabidhiwe kwa afisa afya na afisa biashara, wakiambatana na mjumbe mmoja wa kamati ya shule, na pasiwe na kifungu kinachoruhusu kumwaga wala kubeba bidhaa za mtu.

Utashawishiwa pia kumwadhibu mtoto anayekutwa na sigara, na hoja itakuwa kwamba sheria ni msumeno. Kataa. Miji mingi ya Marekani ilijaribu kuwatoza watoto faini, Woodridge ikiwa miongoni mwao, na ushahidi kwamba faini hizo zenyewe zinapunguza uvutaji ni hafifu. Lakini madhara yake yanaonekana bila kutafutwa: nguvu za maafisa zinahamia kwa mtoto aliye rahisi kumkamata, muuzaji anapumua, na kijana aliyekwisha kushikwa na uraibu anamkimbia mtu ambaye angemsaidia. Nikotini inamshika kijana haraka kuliko mtu mzima kwa kuwa ubongo wake bado unakua. Kumfikisha polisi kwa jambo aliloanzishiwa na biashara ya mtu mzima ni kumwonea. Mkabidhi kwa mwalimu wa malezi na kituo cha afya.

Pingamizi lenye uzito kuliko mengine ni kwamba vijana wengi hawanunui, wanapewa na marafiki. Ni kweli, na kadiri maduka yanavyobanwa, ndivyo sehemu hiyo inavyokua. Ila rafiki naye alinunua mahali, na mara nyingi ni rafiki aliyewazidi wenzake miaka miwili au mitatu tu. Mji wa Needham, huko huko Massachusetts, uliligundua hilo mapema ukapandisha umri hadi 21 mwaka 2005, ukiwa peke yake katika eneo lake. Kati ya 2006 na 2010, wanafunzi wa sekondari waliovuta katika siku 30 zilizopita walipungua kutoka karibu asilimia 13 hadi 7, wakati katika miji 16 ya jirani walipungua kutoka karibu 15 hadi 12 pekee. Hapo pia ndipo unapopata jibu kwa anayesema watoto watavuka tu mpaka wa kata wakanunue upande wa pili. Wapo watakaovuka, lakini mvutaji anayeanza hana kiu ya kumsafirisha, na safari fupi tu inatosha kuwazuia wengi wao. Kwetu, mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye miaka 19 analala bweni moja na wa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule, kwa hiyo mantiki ya 21 inatuhusu hata zaidi. Taasisi ya Tiba nchini Marekani ilikadiria mwaka 2015 kwamba umri wa 21 ungepunguza hasa wanaoanza wakiwa na miaka 15 hadi 17, na mwaka 2019 nchi nzima ikaufuata. Kabla ya kuupandisha umri, hata hivyo, muulize mwanasheria wa halmashauri au kaunti kama sheria ya nchi inaruhusu kanuni ya mtaa kuwa kali kuliko yenyewe. Brookline, mji mwingine wa Massachusetts, ulipiga marufuku kumuuzia milele yeyote aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 2000, ukashtakiwa na wenye maduka, na ukashinda katika mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2024. Lakini ulishinda kwa sheria za jimbo lile. Kama huna uhakika, achana na umri kwa sasa, pitisha kibali na ukaguzi kwanza. Vitambulisho vya taifa vyetu hutolewa mtu akitimiza miaka 18 na vina tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kanuni ya muuzaji iwe fupi: asiyeonekana wazi kuwa na zaidi ya miaka 30 aonyeshe kitambulisho, asiye nacho haondoki na sigara.

Mwenye duka dogo atalalamika kuhusu riziki, na anastahili kusikilizwa. Mwonyeshe kwamba wateja wake wakubwa wote wanabaki, na kwamba kibali kinamlinda yeye mtiifu dhidi ya jirani anayewavuta wanafunzi kwa sigara ili wanunue na soda. Katika wilaya zinazolima tumbaku, kama Urambo au Chunya, watasema unaua zao la wananchi. Majani yanayotoka huko sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi, na bei ya mkulima haitikiswi na mtoto wa Tabora kukosa sigara ya mojamoja. Huko una tatizo jingine ambalo kibali hakiligusi, kwani kijana anaweza kusokota majani ya shambani kwao, na hilo linahitaji wazazi na vyama vya ushirika kuliko wakaguzi.

Tafsiri ya maneno mwanzoni mwa sheria isiishie kwenye sigara. Taja ugoro, kuberi, shisha, sigara za kielektroniki na vile vifuko vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, kisha ongeza kila bidhaa yenye nikotini isiyosajiliwa kuwa dawa, kwa sababu viwanda vitaleta kitu kipya kabla wino haujakauka. Mwishoni kabisa weka kifungu kinacholitaka baraza lipokee ripoti ya ukaguzi kila robo mwaka, na kinachosema kwamba maduka yanayouza yakizidi matano kati ya mia, raundi za robo inayofuata ziwe mara mbili, bila kusubiri kikao kingine kuamua.